Utasa wa Namba: Hoja juu ya Programu Ndogo na Istilahi za Hisabati

Miongoni mwa istilahi za hisabati anazokutana nazo mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania, ziko tatu zinazofundishwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja: namba shufwa, namba witiri na namba tasa. Kwa mtoto wa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko au Lindi mjini, mbili za kwanza haziji kama wageni. Witiri ameisikia nyumbani na msikitini kabla ya kuijua shule, kwa kuwa sala ya witiri huhitimisha sala za usiku kwa idadi ya rakaa isiyogawanyika kwa mbili. Na shufwa imetajwa bega kwa bega nayo katika aya ya 3 ya Sura ya Al-Fajr. Hata shufaa, yaani uombezi, imetoka katika mzizi huo huo wa Kiarabu: anayemwombea mwenziwe humfanya asiwe peke yake. Mwalimu wa hesabu katika mwambao huu, akijua au asijue, anajenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na mwalimu wa chuo.

Tasa haina msingi wa namna hiyo. Neno hilo mtoto amelisikia kwingine kabisa: katika minong'ono ya watu wazima juu ya mke wa fulani aliyeachwa, au juu ya mbuzi asiyezaa ambaye heri achinjwe. Analijua kuwa ni neno la kuumiza. Kisha siku moja linaandikwa ubaoni, likifuatiwa na 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Darasa linacheka, mwalimu anaeleza kwamba tasa ni namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, na somo linaendelea. Baadaye mtoto huyo huingia kidato cha kwanza, ambako vitabu vya hisabati ni vya Kiingereza, na tasa humtoka pamoja na shufwa na witiri. Neno halikupata hata muda wa kufanya kazi.

Makala haya yanadai kwamba kinachokosekana si istilahi bora kuliko hiyo, wala kamati nyingine ya kuzitunga, bali ni kazi ya kuzipa istilahi zilizopo. Na kwamba programu ndogo ya kompyuta ya kuchezea namba tasa, yenye mistari mitano au kumi, ambayo mtu huiandika jioni kwa kujifurahisha bila kutumwa na yeyote, ni kazi inayofaa kuliko nyingi. Dai hili huenda likaonekana dogo mno kwa wanaisimu. Hata hivyo, ni katika programu ya aina hiyo ambapo istilahi tasa hulazimika kusimama mbele ya maana yake, na hapo huonekana jambo ambalo kamusi hazilionyeshi.

Jambo lenyewe ni hili. Katika Kiswahili, kuzidisha ni kuzaa. Matokeo ya 3 mara 5 huitwa zao, na zao limetokana na kitenzi zaa kama pato lilivyotokana na pata na tendo lilivyotokana na tenda. Basi 15 ni zao la 3 na 5. Hizo mbili ni wazazi, nayo ni mtoto. Sitiari hii haikubuniwa kwa ajili ya namba tasa. Imo katika lugha ya kuzidisha yote, kutoka 2 mara 2 na kuendelea. Sasa iangaliwe 13. Je, haizai? Inazaa 26, inazaa 39, inazaa 52, na uzao wake hauna mwisho. Kilichoikosa 13 si watoto, ni wazazi: hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe ambazo zao lake ni 13. Kwa mantiki ya sitiari ambayo lugha yenyewe imeichagua, namba hii haikuzaliwa, lakini huzaa daima. Istilahi tasa imeushika uzazi kwa upande usiokuwa wake. Zaidi ya hayo, kila namba ya kuhesabia inayozidi 1 ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la tasa, na kwa namna moja tu ikiwa mpangilio wa wazazi hautiliwi maanani. Hivyo zile zinazoitwa tasa ndizo mababu wa ukoo mzima.

Lugha nyingine zilikwenda njia nyingine. Kigiriki cha Euclid kiliziita za kwanza, Kilatini kikafuata, na Kiarabu nacho kinasema awwali. Kirusi huziita sahili, yaani zisizochanganyika. Zote hizo zinatazama asili: namba hizi zinatangulia, nyingine zinafuata. Kiswahili kilitazama mwisho wa mgawanyo: ukiikata 13 haitoi vipande vilivyo sawa, haina kitu tumboni. Ni mtazamo unaoeleweka, na mtu akitaka kuutetea ataweza kusema kwamba tasa hapa ni kutokuzaa vigawo. Lakini utetezi huo unahitaji kuelezwa, na sitiari inayohitaji kuelezwa kila inapotumika imekwisha kupoteza nusu ya kazi yake.

Je, istilahi ibadilishwe? Katika maandishi yanayotafsiriwa kwa haraka huonekana "namba kuu", ambayo ni mbaya zaidi, kwa kuwa inapotosha kabisa: 13 si kuu kuliko 14. "Namba ya kwanza" itagongana na hesabu ya mpangilio. "Namba mama" ingeinyoosha sitiari, lakini imechelewa kwa miongo kadhaa. Istilahi iliyokwisha kukaa katika vinywa vya walimu na wanafunzi wa nchi nzima ina thamani ambayo haipatikani kwa usahihi peke yake. Wanahisabati wa Ulaya wanaendelea kutumia, kwa vipeuo visivyokwisha, neno linalotokana na Kilatini cha "kiziwi", ambalo nalo lilitafsiriwa kutoka Kiarabu, asamm, na hakuna anayedhani kwamba namba hizo zina masikio. Tasa ibaki. Isichostahili ni kubaki ubaoni tu.

Programu inayozungumziwa ni ya kale kuliko kompyuta kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Eratosthenes, mtu wa Cyrene aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye anayehusishwa na njia ya kuzipata namba tasa kwa kuzifuta zile zisizokuwa tasa. Ikisemwa kwa Kiswahili cha darasa la tano, njia hiyo ni hii:

weka kikomo kuwa 100
kwa kila namba kuanzia 2 hadi kikomo:
    ikiwa namba haijafutwa:
        iandike namba
        futa vigawe vyake kuanzia namba × namba hadi kikomo

Hakuna neno hata moja hapo lililobuniwa kwa ajili ya kompyuta. Kwa kikomo cha 100, ni namba nne tu zinazofanya kazi ya kufuta, yaani 2, 3, 5 na 7, maana 11 mara 11 ni 121 na imekwisha kupita. Zinabaki 25. Kikomo kikiwa 1,000 zinabaki 168. Kikiwa 10,000 ni 1,229. Kikiwa 1,000,000 ni 78,498. Mtu anayebadilisha kikomo na kutazama ataona mwenyewe kwamba tasa zinaadimika kadiri anavyokwenda mbali, kutoka moja katika kila nne hadi takriban moja katika kila kumi na tatu, lakini haziishi. Kwamba haziishi Euclid alikwisha kuthibitisha katika kitabu chake cha 9. Kuthibitisha ni jambo moja. Kuziona zikiadimika bila kwisha, kwa mkono wako mwenyewe, ni jambo lingine.

Neno la kuangaliwa kwa karibu katika mistari hiyo ni vigawe. Shule zimewapa watoto jozi ya istilahi ambayo wengi huichanganya hadi wanamaliza: kigawo na kigawe. Vifupisho vya KKS na KDS, yaani kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika, vimewatoa jasho wanafunzi wengi. Na bado jozi hiyo ni miongoni mwa istilahi zilizoundwa kwa ustadi kuliko zote. Kiambishi -o huleta kile kitendacho au kitumikacho kutenda, kama katika kifuniko na ufunguo. Kiambishi -e huleta kile kilichotendwa, kama katika kiumbe, mteule na mtume. Kigawo hugawa, kigawe hugawiwa. 3 ni kigawo cha 15, na 15 ni kigawe cha 3. Irabu moja ya mwisho inabeba uhusiano ambao juu yake imejengwa nadharia nzima ya namba. Mwanafunzi anayekariri KKS na KDS kwa ajili ya mtihani haoni hilo. Anayeandika programu atalazimika kuliona, kwa sababu akiweka kigawo mahali pa kigawe mashine haitafuta kinachotakiwa kufutwa, na orodha itamcheka.

Vivyo hivyo kwa fasili. Ile ya ubaoni, kwamba tasa ni namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, haisemi lolote la kuizuia 1. Nayo 1 hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanafunzi mwaminifu atabadilisha mstari wa pili ili uanze na 1; programu itaiandika 1 kuwa tasa, kisha itafuta vigawe vyake vyote, yaani kila namba iliyobaki, na kazi itakwisha hapo. Fasili sahihi ni ile isemayo namba yenye vigawo viwili tu, si pungufu wala zaidi. Tofauti ya fasili hizo mbili ni ndogo katika sentensi, na pengine ndiyo sababu ya kwanza kudumu, lakini ni tofauti kati ya programu inayofanya kazi na isiyofanya. Watunga kamusi wana la kujifunza hapa: kipimo cha fasili si kukubalika kwa msomaji mwenye subira, ni kutekelezeka na mtekelezaji asiyekuwa na akili ya kujazia.

Njia hiyo ya Eratosthenes inaitwaje? Wagiriki waliipa jina la chombo cha jikoni, na mwambao una vyombo hivyo vingi. Chujio ni la vimiminika. Kifumbu hukamulia nazi. Ungo hupepetea, na katika kupepeta ni upepo unaochagua. Chekeche ndilo linalofaa: unga hupita na punje ambazo hazikusagika hubaki juu. Namba tasa ni hizo punje. Tazama jinsi sitiari ya jikoni ilivyofaulu pale ile ya uzazi ilipoyumba: katika chekeche, kutokuvunjika ndiko kunakoiweka namba juu, na hakuna mtu anayeaibishwa. Chekeche la Eratosthenes halihitaji kikao cha kulipitisha.

Kuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili kwa mwambao wa Kilwa na Lindi. Biashara ya pwani hii ilikuwa na lugha pana ya namba, na lugha hiyo ilikuwa ya kugawa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa, ikileta pembe, sandarusi na, kwa aibu ya historia, watu. Vipimo vya wafanyabiashara vilichaguliwa kwa sababu vinakatika: pishi ni vibaba 4, korija ya nguo ni 20, jizla ni pishi 60. Namba 60 ina vigawo 12. Ndiyo maana kila mtu hupata sehemu yake bila ugomvi. Hata sanaa ilipenda vinavyokatika. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, navyo kwa pamoja ni mizani 32, idadi ile ile ya mashimo ya bao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipotunga utenzi wake wa vita vya Maji Maji alikuwa akihesabu ndani ya mipaka hiyo. Katika ulimwengu kama huo namba isiyokatika haikuwa na soko. Lakini haikuwa haijulikani: mwuza samaki mwenye vipande 13 anajua kwamba hawezi kupanga mafungu yaliyo sawa isipokuwa fungu moja kubwa au kipande kimoja kimoja, naye huongeza au hupunguza kimoja. Anautambua utasa wa 13 bila kuupa jina. Mwalimu anayeanzia hapo, kwa kete au kwa mafungu, hana haja ya kuanzia kwa mke aliyeachwa.

Majina ya namba yenyewe hayasaidii sana. Nane huonyesha athari ya nne mara mbili, kwa maana maumbo yake ya kale ya Kibantu yanatokana na nne iliyorudiwa. Huyo ni mmoja anayetembea na wazazi wake hadharani. Katika Kiyao na Kimakonde, lugha zinazosikika sana kusini, hesabu hupumzika kwenye tano, na sita husemwa kama tano na moja. Kiswahili kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, kikaiacha kenda kwa wazee na washairi, na fungate ikabaki kwa maharusi. Katika namna zote hizo, jina la namba hueleza kujumlisha. Kumi na tatu na kumi na tano husikika sawa. Sikio halitambui kwamba moja ni tasa na nyingine ni zao. Utasa haumo katika jina. Hutafutwa kwa kazi, na ndiyo maana chombo kinahitajika.

Mfano wa kufurahisha uko katika tarehe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mwanafunzi akiiandika 1331 katika programu ya kupima utasa, nayo ijaribu vigawo kimoja kimoja, itagonga 2, 3, 5 na 7 bila mafanikio, na wengi hapo wangesema ni tasa. Kisha inakuja 11: 1331 ni 11 mara 11 mara 11. Mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, huvumilia zaidi. Lazima ifikiwe 37 ndipo ivunjike, maana ni zao la 37 na 53. Mwaka 1967, ambao Kiswahili kiliamuliwa kuwa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, ni zao la 7 na 281. Na 1907, mwaka ambao vita vya Maji Maji vilimalizika, ni tasa kweli. Hakuna maana yoyote ya kihistoria katika matokeo haya, na atakayeitafuta atapotea. Lakini mtu hachezi kwa ajili ya maana. Anacheza kwa sababu hajui jibu na mashine italisema, na katika kucheza anajifunza kwamba haina haja ya kujaribu vigawo vyote, bali kuishia penye kipeuo cha pili cha namba: kwa 1961 ni kusimama kwenye 44. Kipeo na kipeuo, jozi nyingine inayochanganywa, hapo hutengana.

Neno kucheza ndilo litakalopingwa. Itasemwa kwamba lugha ya taaluma haikuzwi kwa michezo. Lakini ushahidi ulio karibu unasema kinyume. Msamiati wa bao, mtaji na takasa, namua, kichwa na kimbi, nyumba na kulala, ni istilahi kamili: kila neno lina fasili kali, halibadiliki kati ya mchezaji na mchezaji, na anayekosea hurekebishwa papo hapo na waliokaa barazani. Hakuna taasisi iliyousanifisha. Ulisanifishwa na kazi, kwa kuwa mchezo hauwezi kuendelea bila maneno hayo. Upande wa pili, orodha nyingi za istilahi zilizotungwa kwa juhudi njema zimebaki kuwa orodha. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa na yenye manufaa, lakini shule za sekondari ambazo zingeipa uhai ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Ngamizi na tarakilishi zilipendekezwa. Ya pili imepata makao Kenya, na Tanzania watu wengi wanasema kompyuta. Hakuna aliyeshindwa kwa hoja. Neno hushinda mahali linapotumika.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Lugha za kuandikia programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, na mistari iliyoonyeshwa hapo juu haiwezi kuendeshwa na mashine kama ilivyo. Ni kweli. Lakini maneno yanayotakiwa na mashine kwa programu ya namna hii hayazidi kumi, nayo hukaririwa kama alama za nukta na mkato. Yaliyobaki yote ni majina anayoyachagua mwandishi: namba, kikomo, kigawo, baki, orodha_ya_tasa. Mashine haijali. Mtu aliyezoea kusoma maelezo ya Kiingereza kwa kubahatisha anaweza kuandika maelezo yake kwa lugha anayoifikiria, na hapo ndipo fikra husahihishwa. Inafaa kutofautisha kazi hii na ile ya kutafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kusifiwa. Lakini menyu iliyotafsiriwa humwonyesha mtumiaji maneno yaliyochaguliwa na mwingine, humfanya msomaji. Programu aliyoiandika mwenyewe, hata ikiwa ya mistari mitano, humfanya mtoa majina. Lugha hukua kwa watoa majina.

Kuna na suala la vifaa, ambalo lisitiwe chumvi. Si kila shule ya Wilaya ya Kilwa ina chumba cha kompyuta, lakini programu ya namna hii haihitaji mashine ya nguvu. Simu ya kawaida ya leo inaweza kuiendesha, na chekeche lenyewe liliendeshwa kwa mkono tangu karne za kale. Daftari la mistari ya mraba na kalamu vinatosha hadi 400. Stanislaw Ulam aligundua mwaka 1963, akichorachora karatasini kwa kuchoshwa na hotuba katika mkutano, kwamba namba zikiandikwa kwa mzunguko kutoka katikati, tasa hujipanga kwa mistari ya mshazari. Ni kompyuta iliyomsaidia kuona zaidi. Ni kuchoshwa kulikomwanzisha. Hata namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, ilipatikana kupitia mradi wa watu wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1996, ambao kazi yao ni kuazimisha nafasi katika kompyuta zao.

Kwa hiyo pendekezo kwa idara za Kiswahili ni mahsusi. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu juu ya istilahi za sayansi, badala ya kukusanya orodha nyingine ya maneno 200 na kuwauliza walimu kama wanayakubali, aruhusiwe kukaa muhula mmoja na wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Kilwa au Lindi wanaojenga programu ya namna hii, akaandika ni maneno gani waliyafikia walipokwama. Baadhi ya mapengo yanaonekana tangu sasa. Namba isiyokuwa tasa bado haina jina lililokaa kama lile la tasa. Huenda wakaiita zao, na itakuwa sawa. Nafasi kati ya tasa moja na inayofuata, kama ile ya 10 kati ya 2017 na 2027, itaitwa pengo au mwanya? Pengo linadai kwamba kitu kimeng'oka. Mwanya ni wa asili. Na kuna jozi za tasa zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, 17 na 19, au miaka 2027 na 2029, ambazo hakuna aliyeweza kuthibitisha kama zina mwisho, ingawa Yitang Zhang alipiga hatua kubwa mwaka 2013. Lugha nyingi huziita pacha. Kwa Kiswahili zitakuwa tasa pacha, jina litakalolichekesha darasa kwa mara ya pili, na safari hii mwalimu atakuwa na la kuwaeleza: wapi zilipo, ni ngapi zilizo chini ya 100, na kwa nini 3, 5 na 7 ndizo tatu pekee zinazofuatana kwa namna hiyo.